Anti wa Banda la Video

Mimi hushuku kwanza, halafu ndipo nasalimia. Mtu akinipa chakula nauliza kimepikwa lini. Barua ikija nyumbani naigeuza nyuma kabla ya kuifungua, na simu ya namba nisiyoijua naiacha ilie mpaka ichoke yenyewe. Kwa hiyo siku shangazi yangu wa Columbus aliponitumia ujumbe wa sauti, sikuusikiliza jikoni mbele ya watu. Nilitoka nao mpaka kwenye gari, nikapandisha vioo, ndipo nikabonyeza.

"Mwanangu, nimesikia mtoto amepata chuo huku kwetu. Chumba kipo. Mwambie aje."

Basi. Hakuna salamu, hakuna habari za huko. Nilirudia mara nne nikitafuta kilichojificha ndani ya yale maneno. Nani alimwambia habari za mtoto wangu? Namba yangu kaipata wapi? Na mtu tuliyeacha kusemezana naye tangu nikiwa mdogo, leo anamtakia nini binti yangu wa pekee?

Binti yangu ana miaka kumi na minane. Alikuwa amechukuliwa kusomea uuguzi Columbus, mji mwingine huku Marekani, na mabweni ya chuo yalikuwa yamejaa. Tulikuwa na wiki chache za kutafuta mahali pa kukaa, la sivyo nafasi ile ingepewa mwingine. Alikuwa ameitolea jasho tangu darasa la tisa, akisoma kwenye basi kutoka mtaa wa Beechmont akienda kumsaidia kazi mama mmoja mgonjwa. Mtu pekee tuliyemjua Columbus alikuwa shangazi. Mimi nikasema hapana, atakaa hapa Louisville, atafute chuo kingine.

Mume wangu, ambaye ni Mkongo wa Uvira, alinitolea macho. "Sasa weye, unaogopa mama muzee? Bon, mutoto atalala wapi, mu gari?"

"Humjui," nikamwambia.

"Na weye unamujua?"

Nilimjua, au ndivyo nilivyoamini. Nilikulia kambini, magharibi mwa Tanzania, wazazi wangu wakiwa wakimbizi kutoka Burundi. Shangazi huyu, dada yake baba, aliishi nasi kiwanja kimoja. Hakuwa na mtoto. Uji wa moto ulikuwa umemwunguza shavu la kushoto katika usichana wake, na ngozi ya hapo ilivutika, akawa kama mtu anayecheka upande mmoja siku zote. Asubuhi alifundisha chekechea chini ya turubai. Watoto wa chekechea humwita mwalimu wao Anti, basi na wazazi wakamwita hivyo, na wauza dagaa pia, mpaka kambi nzima. Walimu wa shule ya msingi walikuwa madamu. Anti alikuwa mmoja tu.

Kaka yangu mkubwa, akiwa na miaka kumi na mitano, alikuwa mfasiri wa filamu katika banda la video. Banda lenyewe lilikuwa la miti na maturubai, lina televisheni moja, jenereta nyuma, na mabenchi ya magogo. Kaka alisimama pembeni na kipaza sauti, akitueleza kwa Kiswahili yale yaliyosemwa kwa Kiingereza. Kiingereza chenyewe alikijua cha kuombea maji. Palipompita alitia chumvi, na watu walimpenda kwa ile chumvi zaidi ya filamu.

Siku hiyo ninayoisema nilikuwa na miaka sita. Ilikuwa filamu ya muuaji aliyevaa gunia la viazi kichwani, lenye matundu mawili ya macho. Nakumbuka nimepakatwa na mama, nyuma kabisa, kwa sababu banda lilijaa. Nakumbuka mikono yake imenizunguka tumboni, na vidole vyake vina unga mweupe wa muhogo. Kwenye televisheni polisi aliingia katika nyumba moja kuukuu, jirani akamwambia jambo. Kaka akakuna kichwa, kisha akapaza sauti mpaka kipaza sauti kikapiga mluzi:

"Jamani! Muuaji ni Anti! Anti alikufa, sasa amerudi!"

Banda zima lilipasuka kwa kicheko. Watu wakageuka upande wetu, nami nikadhani wanauchekea woga wangu. Muda si muda jenereta likazimika, kabla gunia halijavuliwa. Tukatoka nje kwenye jua bila kuona mwisho.

Wiki mbili baadaye mdogo wetu wa mwisho alifariki kwa homa. Shangazi ndiye aliyemwogesha asubuhi ile. Hakuna aliyemtuhumu kwa mdomo. Mama alichukua beseni la kuogeshea akaenda kulitupa shimoni, na beseni lilikuwa zima. Mwezi ule turubai la chekechea likabaki na watoto wanne, kisha mmoja, na shangazi akaomba kuhamishiwa kijiji kingine cha kambi. Nilipokuwa msichana, tukikutana naye kwenye foleni ya mgao, mama alinishika mkono akanipitisha upande wa pili.

Halafu baba akaitwa kwenye mahojiano ya kuja Marekani. Faili la familia tuliliita kesi, na walio katika kesi moja huondoka pamoja. Shangazi alikuwa katika kesi yetu tangu mwanzo, kwa kuwa hakuwa na mume. Baba akamtoa. Sisi tukaja Louisville, kaka na mkewe kwa kesi yao wakapelekwa Buffalo, na shangazi akabaki kambini miaka tisa zaidi, peke yake, ndipo akaletwa Columbus. Baba alifariki bila kumpigia simu. Mama naye, siku zake za mwisho hapa Louisville mtaa wa South End, aliniambia nisile cha shangazi wala nisimpe mtoto ambebe. Nilimwahidi.

Kutoka kwetu kwenda Buffalo kwa kaka, njia inapita Columbus. Nimepita pale sijui mara ngapi. Kila safari nilihakikisha tumejaza mafuta Cincinnati na kila mtu amekwenda msalani, atake asitake, ili tusipate sababu ya kusimama. Tukifika Columbus nilipandisha kioo. Mume wangu alicheka mpaka akazoea.

Hivyo ndivyo nilivyokuwa wakati binti yangu aliponialika sinema. Ilikuwa Jumamosi mchana, nimetoka zamu ya asubuhi ghalani, miguu inaniwaka moto. Nikajua kuna jambo. Mtoto wa umri ule hamwaliki mama yake sinema bure. Na kweli, alitaka tuwe mahali ambapo siwezi kumpigia kelele, aniombe tena Columbus. Lakini hakupata nafasi, maana nilipoona bango mlangoni nilisimama palepale.

Gunia la viazi. Matundu mawili.

"Huyu namjua," nikasema.

"Mama, humjui. Hii ni sehemu ya pili, ndiyo kwanza imetoka."

Tuliingia. Katika sehemu hii muuaji amekwisha kuzikwa, na anafufuka kaburini udongo ukimtoka mdomoni. Anapita ukutani. Anamwita mtu jina kupitia redio iliyozimwa. Watoto wa watu mbele yetu walipiga mayowe, mimi nikakaa nikitafuna bisi, kwa sababu hakuna jipya nililoliona. Ndivyo alivyo, niliwaza, mfu aliyerudi. Binti yangu ndiye aliyekuwa akiguna na kujigeuza kwenye kiti.

Tulipotoka alikuwa amekasirika. Akikasirika huongea Kiingereza, nami humjibu kwa Kiswahili, na tunaelewana vizuri tu. Alisema wameiharibu. Alisema ya kwanza, aliyoiona kwa rafiki yake, ilitisha kwa sababu muuaji alikuwa mtu wa kawaida, jirani wa mtaani, na sasa wamechoka kufikiri wakamgeuza mzimu.

"Amekuwa mzimu tangu mwanzo," nikamwambia. "Ni shangazi yao aliyekufa akarudi."

Aliniangalia kama nimempa jibu la swali la mtu mwingine. "Shangazi gani? Ni mwanamume, mama. Ya kwanza haina mzimu wowote."

"Ipo kwenye televisheni yetu ya sebuleni?"

"Naweza kuiweka."

"Iweke."

Tulifika nyumbani jua bado liko juu. Nilikaa ukingoni mwa kochi, koti mwilini. Picha ilikuwa ileile, ila sasa ina rangi nzuri na maneno yameandikwa chini. Polisi akaingia katika nyumba ile kuukuu. Jirani akafungua mdomo, na nikasikia kwa masikio yangu mwenyewe.

"Simamisha! Umesikia? Amesema anti!"

Binti yangu akairudisha nyuma. Nikasikia anti. Akairudisha tena. Anti, wazi kabisa. Mara ya tatu aliinuka akaenda mpaka kwenye televisheni, akaweka kidole chini ya neno lililoandikwa pale.

"Haunted," akasema. "Si anti. Haunted. Anasema nyumba ina mizimu. Na polisi anamjibu kwamba huo ni upuuzi."

Tukaiangalia mpaka mwisho, ule mwisho ambao jenereta lilitunyima. Gunia likavuliwa. Chini yake kulikuwa na mwanamume mwenye upara, muuza nyama wa mtaa ule, kamasi zinamtoka. Hakuwa mfu. Hakuwa shangazi wa mtu. Nilitaka kucheka, lakini kicheko kikakwama na machozi yakaja badala yake, nikasingizia mafua kama yule muuza nyama.

Ilibidi nimweleze binti yangu yote, tangu banda hadi kesi. Aliposikia kwamba babu yake alilifuta jina la dada yake kwenye faili, aliitafuta rimoti. Akazima televisheni.

Sitaki kujifanya kwamba nililainika siku ileile. Filamu haikumwua mdogo wangu, lakini vilevile haikumfufua, na aliyemwogesha alikuwa shangazi. Nilishinda ghalani siku nzima nikibishana na nafsi yangu huku nikibandika lebo kwenye makasha. Homa iliua watoto wengi mwaka ule. Mama zao waliwaogesha pia. Kama kaka asingesema lile neno, beseni lingekuwa beseni tu. Kufikia jioni shaka yangu ilikuwa imemwacha shangazi kidogo na kumgeukia kaka. Je, alisikia vibaya, au alijua?

Ijumaa iliyofuata tulikwenda Buffalo kwenye ubatizo wa mjukuu wa kaka. Tulijaza mafuta Cincinnati kama kawaida. Tulipopita Columbus sikupandisha kioo, na mume wangu akanitazama kwa pembe ya jicho.

Jumamosi asubuhi nilimkuta kaka nje akizoa theluji kwa koleo mbele ya gereji, theluji ya Aprili ambayo huko hawaishangai. Kaka sasa ana mvi na tumbo. Ndiye mshereheshaji wa kila harusi ya Warundi mji ule, na bado anatia chumvi.

"Kaka, 'haunted' maana yake nini?"

Alicheka. "Umekuja kunifanyia mtihani wa Kiingereza kwenye baridi?"

"Nijibu."

Koleo likasimama. Aliniangalia, na nikaona anatafuta pa kupitia. Machale yakanicheza hapohapo. Alijua.

"Tangu lini?" nikauliza.

"Mwaka wangu wa kwanza hapa. Mwalimu wa Kiingereza aliliandika ubaoni, wakati wa ile sikukuu yao ya maboga na vinyago. Akalisoma. Nilitoka darasani nikaenda kukaa chooni mpaka kipindi kikaisha."

"Na hukumwambia mtu."

"Nimwambie nani? Baba alikuwa ameshamtoa kwenye kesi. Nimpigie simu nimwambie nini, kwamba nilisikia vibaya?"

"Ndiyo! Hivyohivyo! Kwamba nilisikia vibaya!" Nilipiga kelele mpaka jirani yake akafungua pazia. "Miaka tisa, kaka! Miaka tisa amekaa kule peke yake kwa chumvi yako!"

Hakunijibu kwa hasira, na hilo lilinitia wasiwasi zaidi. Alifuta pua kwa glavu. "Siku ile watu walicheka tu. Ilikuwa utani, kila mtu alijua ni utani. Kilichowafanya waache kucheka si mimi."

"Ni nini?"

"Muulize shangazi mwenyewe."

"Usinizungushe. Nilikuwepo. Nilikuwa nimepakatwa na mama."

"Mama?" Kaka aliniangalia kama mtu anayemhurumia mgonjwa. "Mama na video? Mama aliyesema televisheni ni madhabahu ya shetani? Dada, mama hakukanyaga banda lile maisha yake yote."

Akarudi kwenye theluji yake. Nikabaki nimesimama pale, mikono haina glavu.

Wakati wa ubatizo sikusikia mahubiri. Nilizoea kuwashuku watu wengine, sikujua inavyokuwa ukijishuku mwenyewe. Kama si mama, basi nani alinipakata? Niliifunga ile picha kichwani na kuifungua, mara kumi, mara ishirini. Mikono tumboni. Vidole. Ule unga mweupe kwenye kucha. Mama alitwanga muhogo, ndiyo, lakini asubuhi, na alinawa. Wakati mchungaji anammwagia mtoto maji, ndipo nilipoelewa kwamba ule haukuwa unga. Ilikuwa chaki.

Jumapili mchana, tunarudi, nilimwambia mume wangu asimame Columbus. Hakuuliza. Binti yangu ndiye aliyekuwa na anwani kwenye simu yake, na sikutaka kujua aliipata lini.

Ilikuwa ghorofa ya chini, katika majengo ya matofali mekundu. Mume wangu alibaki kwenye gari. Nilibisha. Mlango ulifunguka kidogo tu, mnyororo ukiwa umefungwa, na jicho moja likanitazama juu ya shavu lililovutika.

"Nani?"

"Ni mimi, shangazi."

"Mimi nani?"

Nikamtajia jina la baba yangu. Jicho likatoka kwangu likaenda kwa binti yangu, likarudi. "Mmekuja wangapi?" Nilimwambia. "Mmetumwa?" Nikasema hapana. Kumbe hata yeye hushuku kwanza, halafu ndipo anasalimia. Alitoa mnyororo.

Alikuwa mdogo kuliko nilivyomkumbuka, na alitembea kwa fimbo. Binti yangu akampigia magoti kumsalimia, jambo ambalo sijawahi kumwona akilifanya kwa mtu yeyote Louisville. Chumba kilikuwa wazi upande wa pili wa sebule. Kitanda kimetandikwa, na juu ya mto kuna taulo limekunjwa mara nne. Mimi nilichukua kiti cha karibu na mlango.

Alituletea chai. Nilikishika kikombe nikimkumbuka mama, kisha nikanywa. Ilikuwa chai ya tangawizi, basi.

Nikamweleza. Nilimweleza habari za jirani na polisi, neno lile la Kiingereza, jinsi linavyosikika, jinsi kaka alivyolidaka vibaya. Nikamwambia chini ya gunia kulikuwa na muuza nyama mwenye upara. Nilisema haraka haraka kama mtu anayetoa ushahidi, na nilipofika mwisho nikasema, "Kwa hiyo hakuwa wewe, shangazi."

"Nilijua siku hiyohiyo kwamba si mimi," akasema.

Binti yangu alitaka kucheka, akajizuia.

Shangazi aliweka fimbo kando. "Kaka yako aliropoka, watu wakacheka. Hata mimi nilicheka. Nilikuwa nawaza, nitamfinya mtoto huyu tukifika nyumbani. Halafu wewe ukashuka."

Sikuuliza nilishuka wapi.

"Ulikuwa magotini pangu. Mimi ndiye niliyekutorosha uende video, mama yako alikuwa shambani. Ulinigeukia, ukaniangalia hapa," akagusa shavu, "ukapiga yowe, ukashuka, ukakimbilia kwa watu usiowajua benchi la mbele. Hapo ndipo banda liliponyamaza. Wakasema mtoto ameona kitu."

"Nilikuwa na miaka sita," nikasema.

"Najua. Mimi ndiye niliyekufundisha kuhesabu mpaka sita."

Alisema bila ukali, ndiyo maana iliniingia. Nilijitetea moyoni kwa kila njia, na kila njia ilikuwa ya kweli, na hakuna iliyonisaidia. Miaka yote hii nilimtafutia dhambi mtu ambaye mimi ndiye niliyemwonyesha kwa kidole.

Bado kulikuwa na swali moja, nami ni mtu wa kuuliza hata ninapoona haya. "Shangazi, kwa nini ulimtaka mtoto wangu?"

"Sikumtaka yeye," akasema. "Yeye ni mtoto mzuri, atakaa, atasoma, mlango una funguo mbili. Lakini nilijua huwezi kumwacha mtoto kwangu bila kuja kukagua. Nilitaka umlete wewe."

Binti yangu aliondoka polepole akaingia katika kile chumba, nikasikia akifungua kabati.

Niliinuka kutoka kwenye kiti cha mlangoni. Umri wangu hauniruhusu kupakatwa, na magoti yake yasingeweza. Nilikaa sakafuni mbele ya kochi, nikampa mgongo kama siku ile, nikaegemea miguu yake. Mikono yake haikuja mara moja. Nilikaa nikaisubiri.